Fundo Moja ni Nyekundu

Pale studio ya filamu, ukitaka habari ifike geti la mbele kabla ya chakula cha mchana, ulimwambia Chelo wa shanga asubuhi. Chelo wa shanga ndiye mimi, na sioni haya. Wanawake kumi na wanne mkiinamia kitambaa kimoja kutwa nzima, macho yameshikwa na sindano, mikono imeshikwa na sindano, kinachobaki huru ni mdomo, na mimi wangu niliutumia. Nani kaachwa, nani kanenepa mpaka sanamu yake ya kupimia nguo imeongezwa pamba kiunoni, nani kaingia chumba cha kupimia na pete na katoka hana. Yote yalipita mezani kwangu.

Lakini jambo moja nilikaa nalo miaka minane. Sikumwambia mume wangu Fermín. Sikuwaambia dada zangu watatu, ambao kila Jumapili walinijazia nyumba kule Boyle Heights, watoto wengine wakila wamekaa kwenye ngazi, na mimi katikati nikisimulia ya nyota wa filamu mpaka maharage yanaungua. Nikifika kwa jambo hilo nilikunja ulimi nikaomba mtu aniletee chumvi.

Jambo lenyewe ni hili. Bwana Lucian Dembitz, mbunifu mkuu wa mavazi, mtu aliyewavisha malkia, wajane na wauaji wote wa studio yetu kwa miaka kumi na moja, hakuweza kutofautisha nyekundu na kijani.

Nilijua mwaka 1931, sinia la shanga lilipoanguka. Yeye hakuwa bosi wa kusimama mlangoni akanyoosha kidole. Alipiga magoti pale pale na suti yake akaanza kuokota pamoja nasi, shanga nyekundu na kijani, zote anaziweka kikombe kimoja, haraka haraka, kwa furaha ya mtu anayesaidia. Nikadhani ananitania.

"Bosi, unanichanganyia."

"Nimechanganya nini?"

Nikamwonyesha kikombe. Akachukua shanga moja, akaipeleka dirishani, akaigeuza, kisha akanitazama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefunguliwa mlango akiwa chooni.

"Nani mwingine kaona?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi tu."

"Na wewe ndiye yule wanayekuita redio?"

"Ndiye mimi, bosi. Lakini redio ina kitufe cha kuzimia."

Akacheka, lakini mkono wake ulikuwa mfukoni, nikasikia kitu kinavunjika mle ndani. Ilikuwa chaki ya kuchoria nguo. Kila akiogopa aliivunja vipande vipande. Tangu siku hiyo nikawa naangalia mfuko wa suti yake kama mtu anavyoangalia wingu. Ukiwa mweupe, kuna jambo.

Msishangae amefikaje pale alipo. Picha za wakati ule zilikuwa nyeusi na nyeupe, na kamera ilikuwa na macho yake. Gauni la damu ya mzee lilitoka jeusi kama masizi. Nyeupe safi ilimeremeta mpaka uso wa mwigizaji ukapotea, kwa hiyo kila gauni la harusi tulilichovya kwenye chai kwanza. Wabunifu wengine na wapiga picha walivaa kioo cha buluu shingoni kwa kamba. Ukikiweka jichoni rangi zote zinakufa, unabaki na weusi na weupe, unaona kile kamera itakachoona. Bwana Dembitz alikuwa nacho, lakini kwa ajili ya kuvaa tu. Hakukihitaji. Wenzake walidanganywa na wekundu unaopendeza machoni halafu kwenye picha unakuwa tope. Yeye wekundu ulimpita kando. Aliona mwanga na kivuli, na watu wakasema ana kipaji. Kweli alikuwa nacho, ila hawakujua kilitokana na nini.

Kilichobaki ni kuagiza vitambaa bila kuaibika, na hilo tulilimaliza wawili. Kwenye pindo la kila kipande cha mfano katika kitabu chake nilimfungia uzi. Fundo moja ni nyekundu, mawili ni kijani, matatu ni kahawia. Zambarau nilimwachia uzi mrefu bila fundo. Alipitisha kidole pembeni huku anaongea mambo mengine, akasema, "Hii nyekundu, tupeni yadi kumi na mbili," na hakuna aliyeshtuka. Miaka minane.

Halafu mwaka 1939 Bwana Sturgis Pell, mtayarishaji mkubwa, akaja chumba cha shanga mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akasimama juu ya kigoda.

"Mabibi," akasema, "picha ijayo ni ya rangi. Yote, mwanzo mpaka mwisho. Bi. Verena Haldane ndiye nyota wake."

Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilimtazama Bwana Dembitz nyuma yake. Mfuko wa suti ulikuwa mweupe tayari.

Mchana alinikuta kwenye ngazi za nyuma, nimefungua chakula changu. Nikampa tamale moja, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda yake. Alilibandua maganda taratibu, halafu akalishika tu bila kula.

"Chelo, nimekwisha."

"Kula kwanza."

"Mkataba wangu unaisha Ijumaa ya wiki ijayo. Pell kaniambia waziwazi. Ijumaa hiyo hiyo tunapiga picha ya majaribio, gauni la dansi. Ikienda vizuri anasaini. Isipokwenda, kuna mtu New York anasubiri simu."

"Mwambie ukweli basi. Unajua kukata, unajua kitambaa kinavyoanguka. Rangi itachaguliwa na mwingine."

"Mbunifu asiyeona rangi, mwaka ambao kila mtu anataka rangi." Akatikisa kichwa. "Hata duka la mashati halitanichukua. Nina miaka arobaini na sita. Kazi nyingine siijui."

Nilitaka kumwambia asiogope, lakini na mimi nilikuwa na langu la kuogopa. Mbunifu mgeni huja na watu wake wa shanga. Hilo sikulitamka, wala yeye hakulitamka, ila naamini alilijua.

Kwa hiyo tukajiandaa. Kitabu cha vipande vya mfano kilikuwa na vipande mia mbili na kumi na viwili, na mafundo matatu hayakutosha tena. Nikaongeza. Fundo la katikati ya uzi ni nyekundu ya komamanga, la mwishoni ni damu ya mzee. Mawili yaliyokaribiana ni kijani cha chupa, yaliyoachana ni kijani cha jani bichi. Kila mchana kwenye zile ngazi nilimshikisha vipande huku amefumba macho.

"Hii?"

"Damu ya mzee."

"Hii?"

"Kijani cha... jani."

"Chupa, bosi. Ukimvisha Bi. Verena chupa mahali pa jani tutazikwa sote humo ndani ya gauni."

Anakosea, anarudia, anavunja chaki. Jumanne alipatia hamsini mfululizo, nikaanza kulala.

Jumatano akaja Bi. Eunice Corliss. Yeye hakuwa mtu wa studio. Kampuni iliyotukodisha zile kamera za rangi ilimleta pamoja nazo, kamera na mwanamke kwa mkataba mmoja, na hakuna rangi iliyosimama mbele ya kamera bila yeye kuiruhusu. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa glavu za kijivu, na kitabu chetu alikifungua kwa vidole viwili kana kwamba kina mafua.

Gauni lilikuwa tayari limeshonwa. Bwana Dembitz alilichora, Bi. Corliss akalichagulia rangi kwa simu: nyekundu ya komamanga. Mimi na wenzangu tulilitia shanga elfu tisa mabegani. Siku hiyo alikuja kuona vitambaa vya mshipi na shali.

"Hizi nyuzi zinazoning'inia ni za nini?" akauliza.

Roho yangu ilishuka mpaka kwenye viatu.

"Alama za ghala," Bwana Dembitz akajibu, sauti imetulia kama maji ya mtungi.

"Mm," akasema Bi. Corliss, akafungua ukurasa mwingine. Basi, ikaisha hapo. Hakuagiza chochote. Tumepona, nikajiambia, na kile kitulizo ndicho kilichoniponza.

Kwa sababu mchana ule, wasichana walitaka kujua huyo mwanamke yukoje. Walinizunguka. Na mimi nikizungukwa nalewa. Nikavaa soksi mbili mikononi ziwe glavu, nikabana pua, nikatembea kati ya meza kama korongo.

"Nyuzi, nyuzi," nikasema kwa sauti yake. "Hapa ni studio au kwa fundi wa viraka? Mimi nikiona uzi unaning'inia napata kipandauso. Nileteeni kiti. Nileteeni daktari."

Dolores alimwaga kahawa yake kwa kucheka. Josefina alilia machozi. Kipandauso na daktari nilivitunga mimi, mwanamke wa watu hakusema hivyo. Mlangoni alikuwa amesimama Bi. Ottilie, msimamizi wetu, na kikombe chake cha chai. Yeye hakucheka. Bi. Ottilie hakucheka kwa jambo lolote lililohusu usafi wa chumba chake. Nilimwona, nikainama kidogo kumheshimu, nikaendelea.

Siri sikuitoa. Nilitoa kichekesho tu. Ndivyo nilivyojiambia baadaye, na haikunisaidia.

Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa naweka sindano na shanga za akiba kwenye kikapu changu niende seti. Bi. Ottilie akapita amekumbatia kitabu cha vitambaa.

"Jana nimekisafisha," akaniambia, na kwa mara ya kwanza nilimwona karibu atabasamu. "Vipande vyote, kwa mkasi wa meno. Hakuna hata uzi mmoja. Asije yule mama akaugua humu chumbani mwangu."

Nilikichukua mikononi mwake. Kila pindo lilikuwa na meno madogo madogo, sawasawa, safi. Mafundo yote yamekwenda.

"Umefanya nini?"

"Si wewe mwenyewe ulisema nyuzi zinampa kipandauso?" Akakichukua tena. "Mbona umekuwa hivyo? Kunywa maji. Mimi nakipeleka, wananisubiri."

Nilimfuata nakimbia, na mimi si mtu wa kukimbia. Nilijua nikimfikia bosi kabla ya kile kitabu nitamwambia neno moja tu, aumwe, azimie, aanguke kwenye ngazi, chochote. Lakini nilipoingia alikuwa amesimama kati ya Bwana Pell na Bi. Corliss, taa zimewashwa, joto kama tanuri la mkate, na kitabu kilikuwa tayari mikononi mwake.

"Bosi, nina neno..."

"Fundi, hapa begani," Bi. Corliss akanikata. "Kuna shanga imelegea."

Kwa hiyo nikapanda kigoda nyuma ya Bi. Verena Haldane na sindano yangu. Bi. Verena alikuwa nyota, lakini alizaliwa Bakersfield kwenye vumbi la pamba, na hilo hakulificha. Alikuwa amevaa lile gauni la komamanga na anatafuna biskuti.

"Chelo, leo sindano yako inakwenda wapi? Usinidunge, mwenzangu, nina ngozi moja tu."

"Samahani, Bi. Verena."

Mbele yetu wafanyakazi wa seti walikuwa wametundika pazia kubwa la mahameli lililofika asubuhi ile ile. Kijani cha chupa. Wekundu wa gauni juu ya kijani kile ulikuwa kama moto kichakani. Hata mimi na hofu yangu nilitamani kusema ah. Bi. Corliss alikuwa ameridhika. Bwana Pell alikuwa ameridhika. Bwana Dembitz peke yake alikuwa amekunja uso, anatazama pazia, anamtazama Bi. Verena, anatazama tena pazia, kama mtu anayetafuta miwani.

"Mshipi huu haunipendezi," Bi. Corliss akasema. "Bwana Dembitz, nipe damu ya mzee."

Akafungua kitabu. Kidole kikaenda pembeni, kama siku zote, huku mdomo unasema jambo la kawaida kuhusu upana wa mshipi. Nikakiona kidole kinasimama. Kikarudi. Kikaenda kipande kinachofuata, na kinachofuata. Halafu akainua macho, akanitafuta juu ya bega la Bi. Verena, na yalikuwa macho ya mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Mimi nikakohoa. Sijui nilifikiri nini. Hatukuwahi kupatana kikohozi. Alipoweka mkono kwenye kijani nilikohoa, alipohamia kahawia nikakohoa, alipogusa damu ya mzee yenyewe nikanyamaza, na yeye akaona nimepona, akaendelea mbele.

"Mpeni huyo mama maji," Bi. Corliss akasema bila kugeuka.

Bwana Dembitz akachomoa kipande, akampa.

Kilikuwa kijani cha chupa.

Bi. Corliss alikishika kwa glavu yake ya kijivu, akakitazama, akamtazama yeye. Mtu mwingine angecheka. Yeye alivuta pumzi polepole.

"Bwana Dembitz, hii ni rangi gani?"

Chaki ikavunjika. Niliisikia kutoka juu ya kigoda.

"Sijui," akasema.

"Hujui jina lake?"

"Siioni. Nyekundu na kijani kwangu ni kitu kimoja. Tangu nizaliwe."

Fundi wa taa mmoja alishuka ngazi yake taratibu, ngazi ikalia kwi, kwi, kwi. Bi. Verena aliacha kutafuna.

"Lucian," akasema, "umenivisha picha tisa."

"Tisa, ndiyo."

"Na lile gauni la harusi lililonuka chai mwezi mzima?"

"Hilo nililiona vizuri kuliko wote humu."

Bwana Pell hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alivua kofia, akaifuta ndani kwa leso, akaivaa tena. "Miaka kumi na moja," akasema. "Na leo ndipo unaniambia, taa zangu zinawaka, na kamera nimeikodi kwa saa." Akageuka kwa msaidizi wake. "Nipigie New York."

Nilikuwa nimefungua mdomo niseme kosa ni langu, ni soksi zangu na korongo wangu, ingawa sijui wangenielewa vipi. Lakini Bwana Dembitz alitangulia.

"Kabla hujapiga," akasema, "na mimi niulize swali moja. Verena yuko wapi?"

"Mbele yako."

"Mimi naona kichwa na mikono miwili. Tangu nimeingia nautafuta mwili wake." Akavua kile kioo cha buluu shingoni, ambacho kwa miaka kumi na moja kilikuwa pambo, akamnyooshea Bwana Pell. "Tazama."

Bi. Corliss akasema, "Hicho ni cha picha za zamani. Kamera yangu inaona rangi."

"Kamera yako inaona. Gazeti halioni. Kila gazeti kutoka hapa mpaka Boston litachapa picha hii kwa wino mweusi. Watu watamwona huko kwanza, ndipo waamue kama wanakata tiketi."

Bwana Pell alikuwa amenyoosha mkono wa simu tayari. Akasita. Akakichukua kioo, akakiweka jichoni, akafumba jicho la pili. Jasho lilinitiririka mgongoni nikalihesabu matone.

"Verena," akasema, "inua mkono wa kulia."

Akainua.

"Sasa sogea kushoto." Akasogea. Bwana Pell akashusha kioo. "Amezama kabisa."

"Nani kazama?" Bi. Verena akashuka pale alipokuwa, na shanga zangu, na mkia wa gauni, akamnyang'anya kioo, akaenda mpaka kwenye kioo kikubwa cha kujitazamia kando ya seti, akachungulia. "Lo," akasema polepole. "Nimekuwa kichwa kwenye pazia. Kama mbuzi aliyechungulia duka la nguo."

Mtu mmoja gizani alicheka akajikohoza. Bi. Corliss alisogea, akanyoosha mkono, akapewa kioo. Alitazama pazia, alitazama gauni. Nilimchukia yule mwanamke tangu Jumatano, kwa hiyo niseme na hili: hakujitetea.

"Kina cha rangi hizi kimelingana," akasema. "Wekundu na kijani vinagombana machoni, lakini uzito wao ni mmoja." Akamrudishia Bwana Dembitz kioo chake. "Ungeniambia Jumatano."

"Pazia limekuja leo."

"Na lingekuja Jumatano, ungeniambia?"

Akakivaa kioo chake shingoni. Hilo ndilo jibu alilolipata.

Saa tano mpaka saa tisa tulikuwa pale. Wafanyakazi walileta mapazia kutoka ghala moja baada ya jingine, Bi. Corliss anataja rangi, Bwana Dembitz anasema, "Amezama," au "Anaelea," au "Huyu anatoka mbele, mwacheni hapo." Mara mbili waligombana. Mara moja Bi. Corliss alimtega, akaleta pazia la kahawia lililofanana na gauni kwa kila jicho la humo ndani ila lake, akamuuliza, na yeye akasema, "Nuru yake iko juu. Mwanga ukipigwa atatoka." Wakapiga mwanga, akatoka. Mwisho walichukua kijani kilichopauka kama mchaichai, na gauni likabaki komamanga, na Bi. Verena akapigwa picha akiwa na mwili wake mzima.

Halafu Bwana Pell akamwita Bwana Dembitz pembeni, nyuma ya mapazia yaliyokataliwa. Mimi nilibaki nakusanya shanga ambazo hazikuwa zimeanguka. Nilisikia sauti ya Pell tu, maneno yenyewe sikuyapata. Waliongea kwa muda ambao ningetia shanga mkono mzima wa gauni. Alipotoka niliangalia mfuko kwanza, kisha uso.

"Ameahirisha New York," akaniambia.

"Kasaini?"

"Picha hii tu. Wiki tisa. Jina la Bi. Corliss litakaa kando ya langu, na hakuna kitambaa kitakachonunuliwa bila saini yake. Baada ya hapo tutaona." Akatoa mkono mfukoni, mweupe mpaka kwenye kifundo. "Zamani alisaini miaka miwili miwili."

Nilitaka nimpe pole na nimpe hongera, nikashindwa kujua ianze ipi. Nikasema nililolibeba tangu saa nne.

"Bosi, zile nyuzi zilikatwa kwa sababu yangu. Mdomo wangu."

"Najua. Ottilie kaniambia, analia. Kasema pia uliigiza vizuri sana." Akaketi juu ya furushi la mahameli. "Niigizie."

"Hapa? Yule mama yuko pale."

"Kwa sauti ya chini."

Nilimwigizia, bila soksi, na kipandauso kikiwa kimepunguzwa. Alicheka mpaka akafuta macho, na mkono ukamwachia chaki mashavuni.

Jumatatu habari ilikuwa imeshafika geti la mbele, na safari hii si mimi niliyeipeleka. Bwana Dembitz aliingia chumba cha shanga kama kawaida, akachomoa kipande kwenye kitabu cha vitambaa kilichokuwa mezani kwa Dolores, akakiinua juu mbele ya wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

"Hii ni rangi gani?"

Sindano kumi na nne zimesimama. Kisha Josefina akasema, "Zambarau, bosi."

"Mwongo huyo," Dolores akasema. "Ni maji ya kunde."

"Nyie, ni manjano," mwingine akadakia. "Mwonyesheni heshima, mwambieni manjano."

Walimchezea hivyo kama robo saa, na yeye akazunguka meza kwa meza akiuliza, na kila meza ikampa rangi yake, mpaka Bi. Ottilie akagonga mkasi kwenye ubao. Nadhani hakuna siku alipendwa kama ile. Alifika mwisho kwangu, bado kipande mkononi, bado anatabasamu, na nikaona kidole chake kimeshakwenda pembeni chenyewe, kwa mazoea, kinatafuta.

Kilikuta uzi. Ijumaa nilikibeba kile kitabu mpaka nyumbani kwenye kikapu, chini ya shanga, na Jumamosi na Jumapili nilikaa nacho, dada zangu wanaongea, watoto wanapita juu ya miguu yangu, nikafunga mafundo mapya kwenye vipande vyote mia mbili na kumi na viwili. Waliniuliza ni kazi gani ya kuleta nyumbani, nikawaambia waniletee chumvi.

"Moja," akasema polepole.

"Moja, bosi."

Akaweka kipande mezani, akatoka kwenda kumsubiri Bi. Corliss. Mlangoni mkono ulirudi mfukoni. Tulikuwa tumebakiza wiki tisa kasoro siku tatu.